Soya ya Mbegu Ipandwe Lini?

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine wakulima wa Urambo habari za leo. Nimekuja na jambo moja: mbegu ya soya huanza kuharibika ikiwa bado shambani, kabla haijaliona ghala.

Sahani inayopita mikononi mwenu ina punje za soya. Zigeuzeni vizuri. Hizi zenye mabaka ya zambarau zimeshikwa na kuvu iitwayo Cercospora kikuchii. Hizi nyingine ngozi imekunjamana na kupasuka. Soya ikishakomaa, punje hailishwi tena na mmea, inabaki kukauka tu. Mvua ikinyesha leo inavimba. Jua likiwaka kesho inasinyaa. Ngozi yake ni nyembamba, na kiini kinachotoa mche kiko hapo hapo chini yake, hakina kinga nyingine. Ngozi ikipasuka, ukungu unaingia.

Sasa tuhesabu. Mvua zetu Tabora huanza Novemba na kuaga Aprili. Soya ya siku 110 ikipandwa Novemba 20 inakomaa kama Machi 10, mvua bado ipo. Gunia utajaza, mnunuzi atachukua, lakini kuirudisha shambani kama mbegu ni kubahatisha. Soya hiyo hiyo ukiipanda Januari 5, inakomaa karibu na Aprili 25, mvua zikiwa zinakatika.

Lakini msivute hadi Februari! Mvua itawaacha maganda yakiwa ndiyo kwanza yanajaza, na punje zitatoka ndogo, zisizo na nguvu ya kusukuma mche.

Ushauri wangu ni kugawa shamba. Soya ya kuuza ipandeni mapema, ya mbegu itengeeni kipande ipandwe baadaye. Najua wakati huo tumbaku inadai mikono yote, ndiyo maana nasema kipande tu. Aina zinatofautiana siku za kukomaa, hivyo anzeni na siku mnayotaka kuvuna, mrudi nyuma.

Maganda yakikauka na punje zikilia ndani ukitikisa, vuna usingoje. Anika kwenye turubai, pura taratibu, maana soya inaumia kwa fimbo. Oktoba, kabla ya kupanda, chukua punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya wiki hesabu zilizoota. Usiseme ziliota vizuri mwaka jana. Soya haitunziki kama mahindi. Zikiota chini ya nusu, tafuta mbegu nyingine mapema, kabla mvua hazijaanza.