Soli Kwanza: Mhadhara kwa Mafundi wa Kuchomelea, Katwe, Kampala

Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, maana grainda ya jirani haitanyamaza kwa ajili yetu.

Mlionisikia kule Ndeeba, mtaa wa jirani, mnajua nitakayosema. Nitayasema tena. Asubuhi nimepita vibanda vyenu, sikuangalia mageti wala madirisha, nimeangalia miguu. Kinyago cha uso kila mtu anacho. Glavu mnazo. Ukishuka chini unakuta ndara, raba za kitambaa, viatu vya kanisani vilivyozeeka, na mabuti ya mtumba ambayo mwenye nayo anadhani yamemaliza kila kitu kwa sababu yana chuma puani. Leo nashughulika na hawa wenye mabuti, kwa sababu hawa wametoa pesa. Mtu aliyetoa pesa na bado hana kinga ananiuma kuliko yule ambaye hajanunua.

Mteja wa buti akifika soko la mitumba la Owino hufanya mambo mawili. Anagonga puani kwa kidole asikie kama kuna chuma, kisha anafuta ngozi aone inang'aa. Basi, analipa. Soli haangalii, na soli ndiyo inayokufa.

Sikilizeni vizuri hapa. Mabuti mengi ya kazi yanayotoka Ulaya yana soli ya poliuretani. Ni povu lililogandishwa, jepesi, laini mguuni, na ndiyo maana likiwa jipya linapendeza sana. Aina nyingi za povu hilo zina adui mmoja: unyevu. Maji yaliyo hewani huingia polepole na kukata minyororo inayolishika, na joto huharakisha kazi hiyo. Halihitaji kuvaliwa ili lioze. Buti likikaa ndani ya boksi, jipya kabisa, linaendelea kuoza. Watengenezaji wengi wenyewe wanaonya kwamba soli ya namna hii isitegemewe zaidi ya miaka michache tangu ilipotoka kiwandani. Sasa fikirini safari yake: limevaliwa huko, likawekwa stoo, likafungwa kwenye robota, likapikwa ndani ya kontena mpaka Mombasa, likapanda lori mpaka hapa kwenye unyevu wa ziwa Victoria. Ngozi inavumilia yote hayo. Ukiipaka mafuta inarudi ujana. Soli hairudi.

Kuna kijana wa Ndeeba, jina lake silitaji, alinunua buti la aina hiyo. Zuri kweli. Ngozi nene, mshono imara, meno ya soli hayajaisha hata kidogo, na meno hayo ndiyo yaliyomdanganya. Alifikiri kwamba soli ambayo haijalika ni soli nzima. Wiki chache baadaye walikuwa wanne wanabeba geti kulishusha kwenye pikapu. Soli ya kulia ikapasuka katikati, ikamomonyoka kama mandazi yaliyolala siku tatu, mguu ukateleza, na kona yake ya geti ikashuka. Aliyeumia si yeye. Aliyeumia ni mwenzake aliyeshika upande wa pili, ambaye alikuwa na ndara. Mifupa miwili ya mguu. Yule wa buti bovu alitoka salama, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia bahati mbaya. Haikuwa bahati. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa imepigwa chapa kwenye ulimi wa buti, na alipolinunua hakuna aliyeisoma.

Ndiyo, tarehe ipo. Buti lolote lililotengenezwa kwa ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, lazima lionyeshe jina la mtengenezaji, saizi, namba ya kiwango, na mwaka pamoja na robo ya mwaka lilipotengenezwa. Mara nyingine utaona mwezi wenyewe. Tafuta kwenye ulimi, au ndani ya shingo. Geuza na chini ya soli, mara nyingi kuna kiduara kidogo chenye mshale. Kama chapa imefutika kabisa, usinunue. Najua muuzaji atakwambia, "Mzee, hiyo ni grade one." Mwambie akuonyeshe mwaka.

Halafu tumia mikono. Likunje buti kwa nguvu, pua ielekee kisigino, uangalie ubavuni mwa soli. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, rudisha. Bonyeza ubavu kwa ukucha: povu zima linarudi, povu lililokufa linabaki na shimo au linatoa unga, na mara nyingine linanata. Na msidanganyike na mpira wa chini. Mabuti mengine yana mpira mgumu unaogusa ardhi, lakini kati ya mpira na ngozi kuna tabaka la povu lile lile. Mpira uko hai, povu limekufa, na siku moja mpira mzima unabaki sakafuni wewe umeshapiga hatua.

Sasa moto. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzijoto 1,500 hivi, na tone linalodondoka kutoka kwenye rodi halijapoa linapofika chini. Poliuretani hulainika haraka ikikanyaga kipande kilichokatwa sasa hivi kwa gesi. Mpira wa nitraili unastahimili. Herufi za kutafuta ni HRO. Maana yake soli hiyo imejaribiwa kwa kugusishwa na kitu chenye nyuzijoto 300 kwa dakika moja. Kwa fundi wa kuchomelea, herufi hizo tatu zina thamani kuliko mng'aro wote wa ngozi. Ukipata nitraili yenye HRO, iliyoshonwa kwenye buti badala ya kumiminwa ikagandia hapo hapo, chukua. Soli ya kushonwa fundi viatu anaweza kuibandua akaweka nyingine. Ya kumiminwa ikifa, buti limekufa.

Naona mzee pale anatikisa kichwa, na najua hoja yake kwa sababu nimejibizana nayo miaka mingi: "Sisi tumechomelea na lugabire, ndara za tairi, maisha yetu yote." Mzee wangu, kwa heshima zote, soli ya lugabire siigombezi. Tairi ni mpira mzito, halitoboki ovyo, wala haliozi kwenye boksi. Katika habari ya soli, lugabire inalishinda buti la povu lililooza, na hilo nalisema hadharani. Lakini juu yake kuna nini? Mikanda miwili. Nawaomba vijana, leo mkitoka hapa, waombeni wazee wa lugabire wawaonyeshe sehemu ya juu ya miguu yao. Msiulize chochote, angalieni tu makovu. Mtu kuwa hai si ushahidi kwamba kiatu chake kilimkinga.

Hoja nyingine inayonichosha: kwamba chuma cha puani kikiangukiwa kinakata vidole, kwa hiyo heri kutokuwa nacho. Hapana! Kofia ile ya chuma puani, kwa kiwango nilichotaja, inapigwa kwa nguvu ya jouli 200, karibu sawa na uzito wa kilo 20 ukianguka kutoka urefu wa mita 1. Inabanwa pia kwa nguvu ya karibu tani moja na nusu. Mzigo unaoweza kuikunja mpaka ikuumize ungekuwa umeshavisaga vidole vitupu. Kinachokata vidole kila siku ni kofia iliyo kwenye saizi isiyo yako. Ngozi inatanuka, chuma hakitanuki. Ukinunua buti linalobana puani ukitegemea litalegea, litakubana mpaka ulitupe, na utalitupa mapema, urudi kwenye ndara.

Kwa hiyo jaribu buti jioni, baada ya kazi, mguu ukiwa umevimba. Mafundi wengi wananunua asubuhi wakiwa na haraka, kisha saa tisa mchana wanachechemea. Vaa soksi utakazofanyia kazi, za pamba au sufu, kamwe si nailoni, maana nailoni ikiingiwa na cheche inayeyukia kwenye ngozi yako. Vidole vichezeke bila kugusa chuma. Kisigino kisipande unapotembea. Jaribu miguu yote miwili, maana hailingani.

Na wale wanaosimama kwenye saruji kutwa wakilaumu viatu kwa maumivu ya mgongo, wekeni ubao pale mnaposimama. Badilisheni na soli za ndani, ni rahisi kuliko buti jipya.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Suruali ishuke nje ya buti, isichomekwe ndani, la sivyo umejitengenezea faneli ya kupokea cheche. Upindo wa suruali pia ufumuliwe, unakusanya moto. Kamba za buti zinaungua, na ulimi ulio wazi unameza magamba ya weldi. Kama huna buti lisilo na kamba, funika kwa kipande cha ngozi. Buti la kitambaa cha wavu, hata liwe na chuma mbele na bei kubwa, ni la muuza duka na la dereva, si lako.

Umeme: buti lililolowa halikukingi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, nawaona mnachomelea mmesimama kwenye madimbwi. Alama za daraja la buti, S1 au S3, hazina maana kwamba buti ni kinga ya umeme, soli hizo zimetengenezwa zipitishe kidogo ili kuondoa umeme tuli. Simama pakavu, juu ya ubao mkavu.

Wenye karakana mlioajiri vijana: Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inawataka ninyi muwape vifaa vya kujikinga. Kijana anayelipwa kwa siku hawezi kujinunulia nitraili. Hili nilitaka kulizungumza kwa kirefu na muda umekwisha, lakini mwenyekiti, naomba liwe ajenda ya kikao kijacho, na wenye karakana waalikwe kwa barua.

Matunzo nayaacha, isipokuwa moja: buti lililolowa lijaze magazeti, likae kivulini. Usilikaushe kwenye jiko la mkaa. Ngozi inapasuka, na gundi ya soli inaachia.

Sasa wenye mabuti vueni, leteni hapa mezani tutafute tarehe. Maswali nitajibu tukiendelea kusoma.