Kisu Kidogo Kiunoni, Panga Kwenye Begi

Mhadhara kwa vijana wa kupanda milima na kupiga kambi, Nakuru

Vijana wangu, asanteni kwa kunialika. Mlima Elgon mmeupanga wenyewe, njia mnaijua, baridi yake mmeshasimuliwa, kwa hiyo huko sitaingia. Nimeitwa kuzungumzia visu. Wale walionisikia siku za nyuma wanajua nitakachosema na wanaweza kukisema kwa niaba yangu: beba kisu kimoja kidogo kisichokunjika, kikae kiunoni, na panga moja likae kwenye begi. Vingine vyote acha nyumbani.

Nikisema kidogo, namaanisha bamba la sentimita 10 hivi, unene wa milimita 2.5 au 3 mgongoni. Kisu kinachovuka hapo sana kinaanza kuingilia kazi ya panga, na kazi ya panga hakiiwezi. Lakini urefu si jambo linalonikosesha usingizi. Linalonikosesha usingizi ni lile usiloliona dukani: chuma kinachoingia ndani ya mpini. Muuzaji anakuonyesha bamba linalong'aa, lenye meno ya msumeno mgongoni, mpini mzito wenye dira kwenye kifuniko, na ndani ya mpini kuna nafasi ya kuweka ndoana na viberiti. Sasa niambieni, kama ndani ya mpini kuna nafasi ya viberiti, chuma kimeishia wapi?

Nitawaambia kinaishia wapi. Tulikuwa kwenye miteremko ya Mau, mvua imenyesha mchana kutwa, kila kijiti kimelowa. Tukapata gogo la mtarakwa lililoanguka siku nyingi, ganda limeoza lakini moyo mkavu. Kijana mmoja, mwenye nguvu kweli, akasimamisha kipande cha gogo, akaweka kisu chake kikubwa juu, akaanza kugonga mgongo wa bamba kwa rungu ili apasue. Pigo la kwanza, la pili, kisu kinaingia vizuri. Pigo lililofuata tukasikia mlio mkavu, akabaki na mpini mkononi. Bamba lilitoka kwenye kuni likapita karibu na goti la mwenzake aliyekuwa amechutama kando akisubiri vipande. Nilikiokota kile kisu nikawaonyesha wote: bamba lote lile, kubwa kuliko mkono wangu, lilikuwa limeshikiliwa kwenye mpini kwa skrubu fupi kuliko kidole gumba. Halafu giza likaingia, moto haujawashwa, na watu wameanza kutetemeka.

Ndiyo maana nakazania. Msitu ukilowa, kuni kavu iko ndani ya kuni iliyolowa. Utaifikia kwa kupasua, na ukishapasua unahitaji kunyoa. Shika kipande chembamba cha moyo wa mtarakwa, kisimamishe juu ya kitu kigumu, laza makali karibu bapa kabisa, kisha sukuma chini polepole bila kufika mwisho. Ganda jembamba linajikunja kama nywele na linabaki limeshikamana na mti. Rudia hapo hapo, ukigeuza mti kidogo kila mara, mpaka kichwa cha kijiti kijae mikunjo. Hiyo inashika moto hata baada ya mvua, na mtarakwa una mafuta yake yanayosaidia. Kisu kinene hakiwezi kunyoa hivyo, na kisu butu ndio kabisa.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, mzee, visu vya Mora vya Sweden chuma chake hakifiki mwisho wa mpini na havivunjiki ovyo. Kweli. Vile vya bei nafuu chuma kinapita sehemu kubwa ya mpini, ni kipana, na kimeshikwa imara. Sijasema lazima kifike mwisho. Nimesema usinunue kisu ambacho hujui chuma chake kimeishia wapi. Cha jua kali je? Kinunue, tena kwa furaha. Mafundi wetu wanafua springi za magari, na hicho ni chuma kizuri. Ila nenda na tupa ndogo. Ipitishe taratibu karibu na makali: ikiteleza, kisu kimetiwa ugumu vizuri, ikila chuma kwa ulaini, hicho kitakuwa butu kabla hujamaliza kumenya viazi. Na ukiona rangi ya buluu kwenye makali, kiliungua kwenye mashine ya kunolea, ugumu umetoka.

Mwingine atasema babu zetu waliishi na panga peke yake. Waliishi, na walilishika tangu utoto. Panga ni chuma chembamba, kirefu, kilicholainishwa makusudi ili kipinde badala ya kuvunjika, na kwa kufyeka njia au kukata tawi lililoanguka hakuna kinacholishinda. Lakini jaribu kulitumia kuparua sato pale ufukweni Dunga, Kisumu, usiku, au kutoa mwiba kwenye kidole. Na simi nayo, naiheshimu sana, ila ina makali pande zote mbili. Utagonga wapi ukitaka kupasua? Kidole gumba utakiweka wapi?

Visu vya kukunja ni sawa jikoni. Opinel ya Wafaransa, yenye pete ya kufunga bamba lisijikunje, inakata nyanya vizuri mno. Usigonge nayo kuni.

Kuhusu kunoa nitakuwa mfupi kwa sababu mwenyekiti ananionyesha saa. Kinoo kiwe na pande mbili, wa kukwaruza na laini, kiloweshe maji kama ni cha aina ya kulowesha, na panga ulinoe kwa tupa. Ukitaka kujua pabutu, geuza makali juu, uyatazame chini ya taa. Makali mazuri huyaoni. Panapomeremeta ndipo pabutu, rudi kwenye jiwe. Chuma cha kawaida kinashika kutu, basi kifute, kipake mafuta kidogo ya kupikia. Mkiishi kando ya ziwa, Kisumu huko, chuma kisichoshika kutu kitawapunguzia kazi.

Sasa hili naomba mlishike. Usikate kuelekea paja lako wala katikati ya mapaja. Kuna mshipa mkubwa wa damu pale ndani, na ukikatwa mbali na hospitali, dakika zako ni chache. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, kisu kinyoe mbele yako, nje ya miguu. Hakuna mtu ndani ya urefu wa mkono wako. Kisu ambacho hakikati kwa wakati huo kiko ndani ya ala, si kwenye nyasi, si kimechomekwa kwenye gogo.

Na miti hai haiguswi. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kukata mti kwenye msitu wa umma bila kibali, na Kakamega au Elgon mtakutana na walinzi. Ulizeni langoni kama moto unaruhusiwa na kama panga linaingia, kabla hamjalitoa kwenye begi.

Dada ameuliza atasafirije na panga kwenye matatu. Lifunge kwa gunia au gazeti nene, makali yakiwa ndani ya ala, lilaze katikati ya begi pamoja na hema, na begi liende buti. Kisu nacho kitoe kiunoni mpaka mfike. Abiria mwenzako hajui unakwenda kambini, na askari wa kizuizi cha barabarani pia hajui.