Don Holleder, winga aliyegeuzwa mchezeshaji

Ndugu zangu, futiboli ya Kimarekani wengi wetu hatuijui, nami sitawachosha na kanuni zake. Mpira wake umechongoka kama yai, na yupo mtu mmoja, kwotabeki, anayeupokea kwanza na kuamua uende kwa nani. Kwa leo hayo yanatosha.

Mwaka 1954 Don Holleder, kijana aliyesoma Rochester, New York, alikuwa winga hatari wa timu ya chuo cha kijeshi cha West Point. Kazi yake kuchomoka pembeni na kudaka pasi ndefu, na msimu ule alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Msimu uliofuata kocha Earl Blaik hakuwa na kwotabeki, akamkabidhi Holleder nafasi hiyo.

Mrushaji hakuwa. Alitumia mkono wa kushoto, na pasi zake ziliyumba kama tiara iliyokatika mkia. Wakafungwa na Michigan 26 kwa 2. Wakafungwa na Syracuse, wakafungwa na Yale. Watu wakamjia juu kocha: umeua winga, na mchezeshaji hujapata! Kusema kweli, ningekuwepo ningepiga kelele nao. Blaik hakumtoa. Mechi ya mwisho, na mahasimu wao wa chuo cha wanamaji, West Point wakashinda 14 kwa 6, karibu yote kwa kukimbia na mpira mkononi.

New York Giants, timu ya futiboli ya kulipwa, wakamtaka. Yeye akabaki jeshini.

Tarehe 17 Oktoba 1967, katika vita vya Vietnam, kaskazini ya Saigon, Meja Holleder, miaka 33, baba wa mabinti wanne, alikuwa ofisa wa operesheni wa brigedi, mtu wa ramani na redio. Huko Ong Thanh kikosi cha Kimarekani kilikuwa kimeingia mtegoni; karibu askari 60 walikufa siku hiyo. Helikopta yake ikatua. Akakusanya askari wachache, akatimka kuelekea msituni waliko majeruhi, akiwatangulia wenzake. Risasi zikampata kabla hajafika.

Wapo wanaosema uwanja ndio uliomfundisha. Mimi nasita. Uwanjani palikuwa na kocha wa kumpanga. Kule alijipanga mwenyewe.

Nishani ya pili kwa ukubwa ya ushujaa ilifika kwa familia yake mwaka 2012. West Point kuna jengo lenye jina lake. Humo wanacheza mpira wa kikapu na magongo ya barafuni. Futiboli haichezwi humo.