Waraka wa Kurasa Mbili na Sangara wa Sentimita 50

Ndugu wanafunzi, na nanyi wazazi mliofika kutoka Kirumba, Nyegezi na Igoma hapa Mwanza, karibuni.

Anayekwenda kusoma sera za umma na uhusiano wa kimataifa hukutana mapema na kazi inayowaangusha wengi: waraka wa sera wa kurasa mbili, yaani andiko fupi la kumshauri mwenye mamlaka afanye nini. Tuujaribu leo kwa mada iliyopo hapo mwaloni, samaki wa Ziwa Victoria wanapopakuliwa: uvuvi wa sangara wadogo.

Sangara wa chini ya sentimita 50, ukimpima toka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, haruhusiwi kuvuliwa. Hilo kila mvuvi analijua, na bado wadogo wanapakuliwa. Mwanafunzi mgeni ataandika: “Serikali ichukue hatua.” Serikali ipi? Waziri hutunga kanuni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Doria za mwaloni huhusisha BMU, yaani vikundi vya jamii ya wavuvi vya kusimamia uvuvi. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao Jinja, huwakutanisha mawaziri wa nchi zetu, lakini halina polisi wala mahakama. Azimio lake lisipoingizwa katika sheria ya kila nchi, hakuna wa kulisimamia. Hapa pashikeni sana. Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43, Kenya 6. Tukikaza peke yetu, samaki mdogo atashushwa mwalo wa ng'ambo.

Basi waraka uanze kwa kumtaja anayeandikiwa. Sentensi ya kwanza iwe pendekezo lenyewe. Historia ya ziwa ipate aya moja, basi. Kisha weka njia tatu, mojawapo ikiwa kuacha mambo yalivyo, maana hata hiyo ina gharama zake. Zote zipime kwa vipimo vilevile: fedha, muda, mwenye mamlaka, na nani ataumia.

Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Wavuvi wengi hupewa nyavu kwa mkopo na mnunuzi wa samaki. Ukiziteketeza nyavu hizo kwa kuwa ni haramu, deni haliungui. Mvuvi atarudi majini na kokoro, wavu haramu wa kukokota, ili alipe. Pendekezo lisilogusa deni hilo litakwama ufukweni.

Na msidhani uhusiano wa kimataifa uko mbali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Uamuzi ulitoka Brussels, machungu yakafika hadi kwa wachakataji wa hapa.

Kuhusu maombi ya chuo, someni takwimu na uchumi mapema. Shule nyingi za sera hutaka kuona kwamba hesabu hamuziogopi.

Waraka ukikamilika, mpe mtu asiyejua mada ausome dakika tatu. Akishindwa kukutajia nani afanye nini, na lini, andika upya aya ya kwanza.