Mizani ya Samaki na Injini ya Ndege

FUNDI: Mwangaluka wasikilizaji. Mkisikia makelele nyuma yangu ni soko la samaki la Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza, wanapakia dagaa. Nimekaa dukani kwangu katikati ya injini za mitumbwi, nyingine hazina hata kifuniko.

MWALIMU: Shikamoo Fundi.

FUNDI: Marahaba Mwalimu. Umetoka kipindi?

MWALIMU: Nimetoka, fizikia kidato cha tatu, nina vumbi la chaki mpaka masikioni. Twende kwenye swali. Kuna kijana wa Usagara katutumia sauti. Ana ndege ya rimoti ya sarakasi, ya mbao, mabawa mita moja na nusu, haijawekwa injini. Muuzaji kamwambia aweke tustroki, injini ya mipigo miwili, ya namba 46. Anauliza kama itatosha.

FUNDI: Kwanza hiyo 46. Watu wanafika hapa wanadhani ni nguvu za farasi.

MWALIMU: Ni ujazo tu. Sehemu 46 katika mia za inchi moja ya ujazo, yaani cc 7.5. Bodaboda ya cc 125 inazimeza kumi na sita. Halafu kwenye boksi utakuta wameandika farasi moja na nusu na kidogo.

FUNDI: Na boksi halijasema uongo.

MWALIMU: Halijasema, ila limesema habari za kwingine. Farasi hizo zinapatikana injini ikizunguka mara 16,000 kwa dakika. Ukishafunga propela ya inchi 11 kwa 6, yaani upana inchi 11 na msokoto wa kusonga inchi 6 kwa mzunguko, ambayo ndiyo ya kawaida kwa injini hiyo, utapata 12,000, labda 13,000. Hiyo namba ya kwenye boksi hutaiona hata siku moja. Halafu kuna mambo ya hapa kwetu. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kama asilimia 10 kuliko ya pwani, na injini inakula hewa.

FUNDI: Kwa hiyo kila farasi kumi, mmoja amebaki Dar es Salaam.

MWALIMU: (anacheka) Amebaki Dar anakula upepo wa Kigamboni. Na ndege ya sarakasi haitaki injini ya kuifikisha tu. Ikisimama wima pua juu, mabawa hayabebi kitu, inaning'inia kwenye propela peke yake. Kama ina kilo mbili na nusu, propela ivute zaidi ya kilo mbili na nusu. Wale wanaoisimamisha angani kama popo wanataka mvuto mara moja na nusu ya uzito, na wengi hawaridhiki mpaka mara mbili.

FUNDI: Mimi nilijifunza hayo kwa kulowa. Nilikuwa na ndege, namba 46 hiyo hiyo. Nikairekebisha ikiwa chini, nikaikaza sindano ya kabureta, ile inayobana mafuta, mpaka injini ikalia kama nyigu. Tamu kabisa! Nikairusha, nikaivuta juu nipige duara. Ilipofika wima ikakohoa mara moja, kimya. Ikaenda zake ziwani, mbele ya mitumbwi.

MWALIMU: Wakakurudishia?

FUNDI: Wakanirudishia kwa bei ya sangara! Jamaa kaipima kwa macho, ananiambia "hii ni kilo tatu, mzee."

MWALIMU: Kosa lilikuwa wapi?

FUNDI: Kwangu. Ndege ikiinua pua, mafuta yanapanda mlima kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabureta. Yanapungua. Kama ulishayabana chini mpaka mwisho, huko juu injini inakufa njaa. Siku hizi nafanya hivi: injini iko kwenye resi ya mwisho, mwenzangu ananyanyua ndege pua juu, amesimama nyuma ya propela, asithubutu kukaa mbele. Nasikiliza. Mlio ukipanda kidogo tu, sawa. Ukilegea, nafungua sindano robo mzunguko narudia tena. Na tangi likae usawa wa kabureta, sio chini yake.

MWALIMU: Mafuta yenyewe? Maana hapo ndipo ninapogombana na hizo tustroki ndogo.

FUNDI: Hazinywi petroli. Zinakunywa methanoli, aina ya alkoholi, na ndani yake oili kama asilimia 18 au 20, nyingine nitromethani kidogo, kemikali ya kuongeza nguvu. Oili ya zamani ilikuwa ya mbegu za nyonyo, hizi za mbarika. Ukisikia harufu yake mara moja huisahau. Plagi yake haitoi cheche. Ina kawaya chenye platinamu, unakipasha kwa betri ya volti moja na nusu wakati wa kuwasha, basi, baada ya hapo methanoli yenyewe inakiweka chekundu.

MWALIMU: Na methanoli ni sumu, inapofusha. Moto wake mchana huuoni. Abiria haruhusiwi kuibeba kwenye mzigo wake wa ndege. Kijana wa Usagara ataipata wapi kila wiki?

FUNDI: Ndiyo maana mimi ni mtu wa petroli. Cc 20, plagi ya cheche. Lita tatu za petroli kutoka kituo chochote cha mafuta, mililita 100 za oili, tikisa. Kila mvuvi hapa anajua kuchanganya, ingawa yeye kwa injini ya mtumbwi anaweka oili kidogo zaidi ya hapo... hapana, pungufu ya hapo. Nimekosea, msinifuate.

MWALIMU: Lakini cc 20 pamoja na sailensa na kile kiboksi cha cheche inakaribia gramu 850. Namba 46 na sailensa yake haifiki hata 550. Unamwekea gramu mia tatu puani, itambidi aweke uzito wa risasi mkiani kuisawazisha. Hiyo si ndege tena, ni nanga.

FUNDI: Kwa ndege yake hiyo, nakubali. Cc 20 inataka mabawa mita 1.7 na mwili wa kuibeba. Kuna fostroki, injini ya mipigo minne, namba 70, inazungusha propela kubwa polepole, mlio wake wa heshima...

MWALIMU: Na bado inakunywa methanoli. Mimi ningempa mota ya umeme. Usigune, Fundi. Mota haipumui. Hewa ikiwa nyepesi yenyewe haipotezi kitu. Ni propela tu inayoteleza, na unaibadilisha, unaongeza inchi moja, huku unaangalia ampea zisipite kiwango. Hesabu yangu ni wati 330 kwa kila kilo kwa sarakasi za kawaida, 440 akitaka kuning'inia. Ndege ya kilo 2.6 inataka kama wati 1,150. Betri ya seli sita ni volti 22 na kidogo. Zidisha kwa ampea 52, umefika.

FUNDI: Dakika saba, imekwisha. Na umeme ukikatika?

MWALIMU: Anachaji kwa betri ya gari. Dakika saba za sarakasi zinatosha, mikono yenyewe inatetemeka.

FUNDI: Haya. Mimi nasema kabla hajanunua chochote aje hapa na ndege yake. Tunaifunga mkia kwenye mizani ya kuning'iniza, hii ya kupimia sangara, mizani tunailaza, tunaifunga kwenye nguzo. Tunafungua resi. Mshale wa mizani ukionyesha kilo nne kwenye ndege ya kilo 2.6, namba ya boksi ya nini tena? Nina 46 yangu na wewe una mota yako, zote tunazipima hapo hapo.

MWALIMU: Lini?

FUNDI: Jumamosi, saa moja asubuhi, upepo wa ziwani haujaamka. Ila wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi tunaahirisha, wanaziba kabureta.

MWALIMU: Mota haina kabureta, Fundi.

FUNDI: Wewe njoo na betri zako. Mizani naazima kwa mama wa sato, na lazima irudi kabla ya saa tatu.