Saa za Kiti: Namna ya Kupima Thamani ya Maktaba za Umma

Ndugu Mwenyekiti, wakutubi wenzangu, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliovumilia foleni za jioni za Dar es Salaam ili kufika hapa, ninawashukuru.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima thamani ya kiuchumi na ya kijamii ya maktaba za umma, na ningependa kuanzia mlangoni, kwenye daftari la mahudhurio. Mnalifahamu daftari hilo: limepigwa mistari kwa rula, lina safu ya jina, ya mahali mtu anakotoka, ya saa ya kuingia, ya sahihi, na mwishoni kabisa safu ya saa ya kutoka. Miezi michache iliyopita niliomba nilione daftari la namna hiyo katika maktaba moja hapa jijini, nikalifunua ukurasa baada ya ukurasa. Safu ya kuingia ilijaa mwandiko wa watu waliokuwa wamesimama nje wakisubiri mlango ufunguliwe, majina kadhaa yakifuatana ndani ya dakika chache. Safu ya kutoka ilikuwa tupu, karibu kurasa zote. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi upande wa kuingilia, na msomaji anayetoka hakuweza kuifikia bila kuizunguka meza.

Taarifa ya mwezi iliyotokana na daftari hilo ilitaja idadi ya waliofika na idadi ya vitabu vilivyoazimwa, basi. Kijana aliyeketi tangu maktaba ilipofunguliwa hadi ilipofungwa alihesabiwa mtu mmoja, sawasawa na aliyeingia kuulizia njia na kuondoka. Na kwa kuwa kijana huyo alisoma madaftari yake mwenyewe na mitihani ya miaka iliyopita aliyotolewa nakala steshenari, kwa hesabu ya vitabu hakuitumia maktaba kabisa. Ninaamini, na nitajitahidi kuonyesha, kwamba kitu kikubwa ambacho maktaba za jiji hili zinawapa watu ni saa za kusoma: kiti, meza, mwanga na utulivu. Kitu hicho ndicho tusichokipima.

Huduma hizi zina historia ndefu. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likisambaza na kuazimisha vitabu katika nchi zetu kabla ya uhuru, na ripoti ya mkutubi Sydney Hockey ya mwaka 1960 ilipendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba. Tanganyika ikatunga sheria ya bodi ya maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, hili jengo la Barabara ya Bibi Titi Mohamed tunalolijua sote. Wakati huo takribani watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua wameshuka chini ya asilimia 10. Kazi hiyo ilifanywa na kisomo cha watu wazima na sitaipora sifa yake, lakini wale waliosimamia kisomo walilijua jambo moja lililowafanya waanzishe maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini: aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, husahau.

Wenzetu wa nje wamejaribu kuiweka thamani hii katika fedha. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilitoa utafiti wake mwaka 2004. Watu waliulizwa, pamoja na maswali mengine, wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili huduma iendelee. Jibu lilikuwa kwamba taasisi hiyo inaizalishia nchi thamani ya pauni milioni 363 kwa mwaka, wakati ruzuku ya serikali ilikuwa pauni milioni 83, yaani takribani pauni 4.40 kwa kila pauni moja. Nchini Norway, mtafiti Svanhild Aabø alizipima maktaba za umma kwa njia ya jamaa na hiyo, akapata faida inayofikia mara nne ya gharama. Jimbo la Florida, Marekani, nalo lilitoa hesabu yake mwaka 2004: dola 6.54 kwa kila dola moja iliyowekezwa katika maktaba zake za umma.

Namba hizi hunukuliwa sana katika semina zetu, na mara nyingi huishia hapo. Mimi ninavutiwa zaidi na kilichomo ndani ya ile ya Uingereza. Katika zile pauni milioni 363, ni milioni 59 tu zilizotokana na watu wanaoitumia maktaba moja kwa moja, na milioni 304 zilitoka kwa wananchi kwa jumla, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga humo lakini wanataka iwepo kwa ajili ya nchi yao na vizazi vyao. Hiyo ni maktaba ya utafiti ya taifa, wala haifanani na maktaba ya wilaya, lakini inatufundisha kwamba kuwahoji wasomaji peke yao ni kuiacha nje sehemu kubwa ya hesabu.

Sasa tukilileta swali hilo hilo hapa, tutaumia. Mwulize mama lishe wa Buguruni atalipa kiasi gani kwa mwezi ili maktaba anayosomea binti yake isifungwe. Atafikiria kodi ya chumba, unga na umeme wa LUKU, kisha atataja shilingi mia tano. Mwulize mfanyabiashara wa Masaki ambaye watoto wake wana vyumba vyao vya kusomea. Atataja elfu hamsini bila kufikiri. Tukijumlisha majibu hayo na kuyaita thamani, tutakuwa tumepima mifuko ya watu. Wanauchumi wanajua pia kwamba ukimwuliza mtu huyo huyo alipwe fidia kiasi gani ili akubali kunyang'anywa huduma, atataja kiasi kikubwa zaidi kuliko kile ambacho angekitoa mwenyewe. Ndiyo maana ninapendelea njia iliyokwisha kujaribiwa katika nchi maskini: kumwuliza mtu angejitolea siku ngapi za kazi, iwe kufagia, kupanga rafu au kujalidi vitabu, ili mlango ubaki wazi. Siku ya mama lishe na siku ya mfanyabiashara zote zina saa ishirini na nne.

Njia nyingine ni ya gharama za safari, yaani kuangalia mtu anatumia fedha na muda kiasi gani kuifikia maktaba. Tuchukulie, kwa mfano tu, msichana wa kidato cha nne anayetoka Mbagala, anayetumia shilingi 1,500 kwa nauli ya kwenda na kurudi, na saa tatu za njiani, ambazo tuzithamini kwa shilingi 500 kila moja. Siku hiyo moja imemgharimu shilingi 3,000. Wakiwa wasomaji 200 wa namna yake kwa siku, kwa siku 250 za mwaka, tunapata shilingi milioni 150. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuiita namba hiyo faida ya maktaba. Hiyo ni bei ambayo wananchi wanailipa tayari, kwa nauli na kwa muda wao, kwa huduma tunayoiita ya bure. Faida ni kile kinachozidi bei hiyo, na anayekaa karibu ndiye anayebakiwa nacho zaidi. Kwa hiyo tukijenga tawi Mbagala, gharama za safari zitashuka, na mpimaji asiye mwangalifu ataandika kwamba thamani imepungua, wakati msichana yule amerudishiwa saa zake tatu.

Na hata kwa nini anakuja? Nilimwuliza msomaji mmoja wa umri wake. Nyumbani kwao ni chumba kimoja cha kupanga. Taa ni moja, na wadogo zake wanne wanalala mapema. Mchana akionekana ameshika daftari huitwa kuchota maji au kumbeba mtoto. Maktabani, alisema, hakuna anayemtuma. Neno hilo sijaliona katika fomu yoyote ya utafiti wa maktaba, na kwa msichana wa mji huu ndilo jibu lenyewe.

Nikubali kwamba hapa pana mitego. Mishahara ya wakutubi ni gharama, isiingizwe upande wa faida. Kufaulu mtihani hakuwezi kudaiwa na maktaba peke yake, kwa kuwa kuna mwalimu, mzazi na mtoto mwenyewe. Tena ni lazima tujiulize msomaji angekwenda wapi kama mlango ungefungwa, maana kama angepata kibaraza tulivu jirani, hasara yake ni ndogo. Kiwango cha kimataifa namba 16439 cha mwaka 2014 kinahusu hasa namna ya kupima matokeo ya maktaba, nacho kinasisitiza ushahidi wa aina zaidi ya moja: takwimu, maswali kwa watumiaji, na uchunguzi wa macho.

Ninachopendekeza kinawezekana bila fedha mpya. Kila saa kamili, mhudumu mmoja apite ukumbini na kuhesabu viti vilivyokaliwa: wangapi wanawake, wangapi wanasoma vitabu vya maktaba, wangapi vya kwao. Jumla ya siku ndiyo saa za kiti, na tukiigawa bajeti ya mwaka kwa makadirio ya saa hizo kwa mwaka mzima tutajua saa moja ya utulivu inaigharimu Hazina shilingi ngapi. Zihesabiwe wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba na wiki mbili katika mwezi wa kawaida, kwa kuwa msimu wa mitihani peke yake utatupa namba kubwa ambayo mkaguzi yeyote ataikataa kwa haki. Fomu niliyoichora ni ya ukurasa mmoja. Nimekuja na nakala, ziko pale mezani, na nitabaki hapa kwa yeyote anayetaka tuijaze pamoja.