Slaidi, Karatasi ya Negativi na Joto la Dar

Ndugu zangu, karatasi ya Cibachrome, iliyoundwa kwa ajili ya kuchapa picha kutoka kwenye slaidi (filamu yenye rangi halisi, si za kinyume kama negativi), haitengenezwi tena. Tunachofanya leo ni kuchukua karatasi ya kawaida ya negativi, ile ya RA-4 (mfumo wa dawa za karatasi ya picha za rangi), na kuigeuza kwa kuisafisha, yaani kuipitisha kwenye dawa ya kutoa picha, mara mbili.

Karatasi hii imezoea rangi ya chungwa ya negativi. Slaidi haina hiyo, kwa hiyo picha hutoka na ubluu. Wekeni kwenye droo ya filta ya enlaja (mashine ya kukuzia picha) kipande cha negativi ya rangi kilichosafishwa bila kupigwa picha, halafu rekebisheni kidogo kidogo. Kumbukeni mambo yamepinduka, si kama mnapochapa negativi: picha ikiwa nyeusi mno, ongeza mwanga, ikiwa na majenta (wekundu wa zambarau), punguza filta ya majenta. Na vumbi huacha nukta nyeusi, ambazo kuzificha ni kazi ngumu kuliko nyeupe. Pulizeni slaidi kwanza.

Dawa ya kwanza ni ya picha nyeusi na nyeupe, katika giza totoro. Maelekezo husema nyuzi 20 kwa dakika 2. Maji ya bomba hapa mara nyingi yako karibu na 28. Unaweza kuzungushia beseni chupa za barafu, lakini mimi naona heri kukubali 28, upunguze muda kwa vipande vya majaribio, mradi joto lisiyumbe. Barafu usiitie ndani ya dawa, itaizimua.

Kisha siki nyeupe, kikombe kimoja kwa vitatu vya maji, sekunde 30. Suuza dakika 2 kamili. Masalia ya dawa ya kwanza huharibu dawa ya rangi.

Sasa washa taa. Utaona negativi ya kijivu: kanzu nyeupe imekuwa nyeusi. Imulike dakika moja, uitie kwenye dawa ya rangi. Hapo karatasi nzima hugeuka nyeusi kama mkaa, na wengi huitupa. Msiitupe! Weusi huo ni madini ya fedha yaliyofunika rangi. Pitisha tena kwenye siki, suuza, tia kwenye bliksi (dawa ya kuondoa fedha). Fedha ikishaliwa, picha inajitokeza.

La mwisho ni umeme. Volti zikishuka, taa ya enlaja hufifia na kuwa nyekundu zaidi. Bila stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti), picha ya saa moja jioni, feni zote za mtaa zikizunguka, haitafanana na ya saa sita usiku, hata kama filta na sekunde ni zilezile.